Waya wa Rangi ya Chungwa

Temeke, 6 Machi 1994

Mwanangu Raudha,

Assalaam alaikum. Sie wazima, goti la mama yako limepoa. Wewe na joto la Muscat mnaelewana?

Redio haziletwi tena kutengenezwa. Mpya zimejaa madukani. Kazi niliyonayo ni moja: Mwanakombo, mtengeneza mabango wa Mwenge, kaniletea mashine yake ya kukatia stika. Umeme uliunguza motor na kadi inayoiendesha. Motor nyingine nimeipata kwenye vyuma chakavu. Ina waya nne. Nilizozoea zina mbili. Imeandikwa digrii 1.8, ampea 0.4. Namba yake iko nyuma ya barua. Nikishindwa hii, nafunga meza.

Baba yako,
Mwishehe

Muscat, 27 Machi

Baba, shikamoo. Mie mzima. Mpe mama pole ya goti.

Hiyo ni motor ya hatua. Kadi ikiipa msukumo mmoja, inasogea digrii 1.8 na kusimama. Hatua mia mbili, mzunguko mmoja. Ndani mna koili mbili. Kitabu cha hapa kazini kinasema waya mwekundu na wa rangi ya chungwa ni koili moja, zilizobaki ni ya pili. Kadi anakuletea Jabiri, mwenzangu wa kazini anayekuja Dar. Skrubu yake ndogo iweke kwenye 0.4 kabla hujawasha; ukizidisha, motor itaungua.

Mwanao,
Raudha

Temeke, 19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Twaendelea vizuri, kadi imefika. Skrubu nimeiweka 0.4, nimefunga nyekundu na ile ya kijani kama ulivyosema. Inatetemeka kama mgonjwa wa homa, haiendi. Mwanakombo kasema, "Mzee, Mei ikiisha naipeleka mjini."

Baba yako

Muscat, 5 Mei

Baba, shikamoo. Natumai hamjambo.

Nilipofika kwenye "kijani" nilicheka mpaka bosi akageuka. Machungwa ya huku yana rangi ya moto. Ya kijani ni ya kwetu. Kosa langu. Achana na rangi. Zima umeme, chomoa waya zote, chukua mita. Waya mbili zikionyesha omu chache, ni koili moja. Mita ikinyamaza, si jozi. Ikizunguka kinyume, badilisha nafasi za waya za jozi moja tu.

Raudha wako

Temeke, 24 Mei

Raudha,

Sie salama. Mtoto wa Temeke kusahau chungwa! Mama yako anasema ukirudi utakaa sokoni wiki nzima.

Nyekundu iliitikiana na ile niliyokuwa naiita manjano. Ilianza kinyume, nikabadilisha jozi moja. Sasa inakwenda, ukiishika ni vuguvugu tu. Mwanakombo aliuliza ajaribu kukata neno gani. Nikamwambia: FUNDI MWISHEHE. Nimelibandika mlangoni.

Leo asubuhi kaja mtu na mashine ambayo hata jina lake silijui. Nimemwambia aiache.

Baba yako