Kibuyu cha Samli ya Persis

Ikonge, Agosti 1974

Mjukuu wangu Bonareri,

Mimi nina miaka themanini. Nimeshinda nzige, vita viwili na rika langu lote. Chai yangu mwaka huu inapita ya majirani.

Unasema majani niliyokutumia huko maabara ya chuo hayakuzuia hewa kuharibu mafuta. Nilijisifu kwamba nalijua jani ambalo nyanya yako Persis alilitia kwenye samli isiharibike. Najua mambo yote, lakini hilo moja sikulijua. Alilichuma peke yake alfajiri. Mimi kazi yangu ilikuwa kula samli.

Kibuyu chake cha mwisho bado kipo. Mwaka wa tatu tangu tumzike, na samli haijachacha. Nikifungua kizibo ukungu unaingia mlangoni, naye nyuma yake, leso imelowa umande, ananiambia, "Mzee, funga! Unaimaliza harufu."

Nakutumia hicho kibuyu. Jani liko chini kabisa. Kabla ya kupima, nusa kwanza.

Mtu akikuambia nililia, muulize Manasseh mwenye duka hapa. Ndiye aliyenishikia kibuyu nikifunga kamba, na aliona mkono wangu haukutetemeka.

Babu yako,
Okemwa