Neno Moja Kwenye Kumbukumbu za Bodi

Senje,

Ni wiki saba tangu tukuzike Matungu, na Baba bado anawaambia watu "dada yangu ni wakili," kana kwamba uko ofisini Kakamega. Vitabu vyako vya sheria viko chumbani kwangu. Nasoma kimoja polepole. Sielewi sana.

Nakuandikia kwa sababu bodi ya shule ilikutana bila wewe.

Unakumbuka kikao chako cha mwisho. Ghorofa mpya ilikuwa imekamilika, ile wazazi waliyoijenga miwa ilipowanyookea, na Kidato cha Tatu kikapangiwa juu. Mwenyekiti akauliza kunihusu, "Hiki kiwete kitapandaje ngazi?" Ukamjibu, "Mwenyekiti, kiti ndicho hicho ulichokalia. Huyu ni mtoto, na ana jina." Ulitusimulia jioni hiyo tukila obusuma na sukuma wiki, ukacheka mpaka ukapaliwa. Mimi sikucheka sana. Nilijua wanataka kunihamishia shule ya walemavu, na ile waliyoitaja inafundisha ushonaji tu. Uliwaomba waahirishe uamuzi. Kisha ukaugua.

Kikao kilipoitishwa tena, mtu alikuwa ametundika koti kwenye kiti chako. Niliitwa pamoja na Baba. Njiani aliniambia labda kushona si kazi mbaya. Sikumlaumu, alikuwa amechoka.

Mwenyekiti akasema, "Haya, msichana wangu, sema, usiogope." Nilikuwa nimeandika kurasa tatu, kuanzia polio iliponipata nikiwa na miaka minne. Nikasimama kwa magongo yangu. Nikatazama mstari wa kwanza.

Ndipo nikamkumbuka yule mkata miwa aliyepoteza vidole. Alikuja ofisini kwako likizo ile niliyokusaidia kupanga mafaili. Alianza na mvua, na panga, na jinsi miwa ilivyoteleza. Ukamkatiza. "Hayo nitayasikia, ndugu yangu. Kwanza niambie unataka nini." Akafikiri sana. Akasema anataka kazi ya mizani, mahali miwa inapopimwa. Uliandika hilo juu kabisa ya ukurasa, ukalipigia mstari.

Nikakunja karatasi zangu. Nikasema, "Nataka Kidato cha Tatu kisomee chini, na Kidato cha Kwanza kipande juu." Nikaketi.

Naibu wa mwalimu mkuu akauliza, "Ni hilo tu?"

Lilikuwa hilo tu, Senje. Madawati yalihamishwa kwa siku moja.

Wenzangu wamenuna kidogo, maana kule juu kuna upepo na unaona mashamba ya miwa mpaka mbali. Ninayeketi naye ananiambia, "Wakili, umetushusha cheo," huku amenibebea vitabu. Nafikiri ungempenda.

Lakini kuna jambo. Baba alipewa nakala ya kumbukumbu za kikao. Imeandikwa hivi: "Bodi imemhurumia mwanafunzi huyu na kumruhusu asomee chini mwaka huu." Nimeisoma mara nyingi. Nikifika Kidato cha Nne, watanihurumia tena? Na akija mwingine kama mimi, siku ambayo bodi imeamka na hasira? Wewe ungeliona neno hilo kabla hujakaa vizuri. Mimi nililiona siku ya tatu.

Baba anasema nishukuru, ninyamaze. Nimeshashukuru, kwa mdomo na kwa barua. Kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Wakati mwingine nasahau, naanza kupanga maswali ya kukuuliza Jumamosi. Halafu nakumbuka. Basi.

Lala salama, Senje. Jumatatu nitampelekea mwenyekiti ombi langu mkononi. "Imemhurumia" ibadilishwe iwe "imeamua," na "mwaka huu" ifutwe. Akikataa, nitaomba nafasi kikao kijacho, na kinachofuata, hata baada ya kumaliza shule, mpaka waandike. Nakuahidi.

Mtoto wa kaka yako,
Nekesa