Uongo Ulioutubia

Dada yangu Edisa,

Tangu tukuzike kule Lurujo watu wananiuliza kwa nini sikusema neno kaburini, mimi ambaye kazi yangu ni kuandika habari za watu. Neno lenyewe ni hili.

Baada ya serikali kuanguka, askari walikuja nyumbani kumtafuta baba. Alikuwa mpishi wa jeshi lililoshindwa. Silaha yake ilikuwa sufuria. Wewe ulikuwa unatwanga muhogo. Mmoja akauliza, "Baba yako iko wapi?"

Hukuacha kutwanga. "Alitoroka Sudan zamani. Aliacha sisi na njaa. Mukimupata, muambie alete sukari."

Wakacheka, wakaondoka. Baba alikuwa Logiri kwa mjomba wake, akingoja mguu upone avuke mpaka wa Kongo pale Vurra. Nilisimama nyuma yako, nikaona ukiendelea kutwanga muhogo uliokwisha kuwa unga.

Ulikuwa umeokoka majuma machache tu. Wenzako wa ushirika wa waliookoka walikutana kila alfajiri kutubu kwa sauti, kila dhambi kwa jina lake, mbele ya wote. Aliyeficha, mlisema, hajaokoka. Keshoye ukasimama: "Ndugu, niko na dhambi. Nilidanganya askari. Baba hayuko Sudan, iko Logiri."

Wakakuimbia, wakakukumbatia. Mama, aliyekaa nyuma pamoja nami, akatoka bila kuvaa viatu. Akatuma mtu kwa baiskeli. Gari la askari lilimtangulia. Baba hatukumwona tena.

Ni nani aliyepeleka habari kwa askari, sijui. Nimeuliza kwa miaka mingi, sina uthibitisho, kwa hiyo simtaji mtu. Wewe nakutaja kwa sababu nilikusikia.

Hata hivyo, si asubuhi ile inayonichoma. Ulikuwa msichana, uliogopa moto wa milele kuliko bunduki. Zinazonichoma ni asubuhi zilizofuata. Uhamishoni Kongo, na tuliporudi Koboko, nilikusikia ukitubu kila siku: umemsengenya jirani, umetamani kitenge cha mwenzako, umemlaani mbuzi. Baba hukumtaja hata mara moja. Siku nilipokuuliza, tukiwa tunangoja chakula, ulijibu, "Nitubu nini tena? Ile uongo iko chini ya damu ya Yesu."

Mama akaweka mwiko chini. "Edisa, mimi siulizi uongo. Uongo ilikuwa nzuri."

Akakupakulia wewe kwanza, kama siku zote.

Hilo lilinikasirisha kuliko jibu lako. Baadaye nikamfuata mama jikoni, nikamwuliza. Unamsameheje mtu ambaye hajaomba?

"Asubuhi yeye anatubu, mimi nasikiliza," alisema. "Akimaliza bila kutaja baba yako, nasamehe. Kesho narudia. Wewe unafikiri hii kitu inaisha?" Akanisukuma na kiwiko. "Toka, unaziba moshi."

Hata ulipougua, nilikaa karibu na kitanda chako nikisubiri jina la baba. Ulitubu kwamba uji ulikuudhi.

Sasa mama hasikii vizuri, na asubuhi hakuna tena wa kumsikiliza. Kazi yake imeniangukia. Leo kabla ya chai nimekusamehe. Nilipofika sokoni Arua hasira ilikuwa imerudi yote. Kesho nitaanza upya, maana sijui njia nyingine.

Pumzika, dada. Dhambi zako ulizozitubu nimezisahau karibu zote. Ule uongo wa siku ya muhogo ninao, na siuachi: sikuwahi kusikia neno jema kuliko hilo kinywani mwako.

Mdogo wako