Dada, Nani Atarudia Maneno Yangu?

Mpendwa Dada Mwanaidi,

Picha yako ya kalenda, ile ya nyumba yenye mlango uliofungwa na ng'ombe nje, bado iko ukutani hapa Bondeni. Nimeshindwa kuitoa.

Kila Jumamosi, kabla ya kuchora maua ya vitambaa vya meza, ulituketisha sisi washonaji mbele yake. Wewe kiongozi wetu ulikaa chini mkekani. Anayesema ndiye aliyesimama. Uliuliza tu, "Unaona nini? Umejuaje?" Kisha ulitaja jina la msemaji na kuyarudia maneno yake, bila kutia chumvi.

"Wambui anasema mwenye nyumba amekwenda sokoni, kwa kuwa ng'ombe hajakamuliwa."

"Sokoni gani! Amelala huyo," Mama Chebet alidakia. "Mvivu kama bwana yangu."

Tulicheka mpaka nyuzi zikatuponyoka.

"Mama Chebet anasema amelala," ulisema, uso mkavu. "Umejuaje?"

Nilikuuliza picha ina faida gani kwa washonaji. Ukanijibu, "Ukiweza kuwasikiliza wakibishania ng'ombe, utaweza kuwaongoza wakibishania kitambaa." Na kweli, michoro yetu mizuri yote ilizaliwa na ubishi. Ulipougua ule ugonjwa wa mwisho ulinishika mkono, ukasema: "Wasinyamaze."

Dada, wamenyamaza. Tangu hali ya hatari itangazwe, mtu huchukuliwa na askari kwa neno la jirani. Bwana yake Wambui alichukuliwa hivyo.

Jumamosi iliyofuata nilikaa mkekani pako, nikauliza. Wambui alisimama, akasema kwa sauti ya chini, "Naona watu wamejificha ndani." Nami, kama ulivyonifundisha, nikarudia ili wote wasikie: "Wambui anasema watu wamejificha ndani."

Uso wake ukabadilika. "Usitaje jina langu. Mimi sijasema kitu."

Akachukua shali yake, akatoka. Wengine wakamfuata. Mama Chebet alisita mlangoni. "Si wewe, mdogo wangu. Ni siku hizi."

Hawajarudi. Tukikutana njiani wananisalimu bila kusimama. Namna yako ya kuongoza ndiyo pekee niliyo nayo, na sasa inafanana na ya wasaliti wanaopeleka majina na maneno ya watu kwa askari.

Leo nimesimama mbele ya picha peke yangu. Nimesema, "Naona mlango umefungwa, na hakuna wa kuufungua." Kisha nikautazama mkeka, nikingoja utaje jina langu.

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako