Momanyi Anakataa Chupa

Jumatano. Mvua imenyesha tangu saa nane na mlima wote wa Manga umefunikwa na ukungu. Nina uzito moyoni, acha niandike.

Momanyi wangu ana miezi mitano na mapaja yake yana mikunjo mitatu mitatu. Kanisani Sabato iliyopita kila mama alitaka kumpakata. Hajaonja kingine ila maziwa yangu. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, sawa, lakini kwa kunyonyesha hakuna wa kunishinda mlima huu mzima.

Shida ni Jumatatu. Shule imenichukua nifundishe watoto wa nasari, asubuhi mpaka saa saba. Momanyi asipokubali chupa, nafasi hiyo atapewa mwingine.

Siku ya nne sasa anaikataa. Mama mkwe anaichemsha, anatia maziwa ya ng'ombe, anambembeleza. Yeye anasukuma chuchu ya mpira kwa ulimi na kugeuza uso. Nami kule chemchemini nawaambia majirani, "Huyu hadanganywi. Anajua kitu kizuri."

Leo mama mkwe aliweka chupa chini, akaniangalia.

"Mama Momanyi, huyu mtoto hana njaa."

"Labda ni tumbo, Mama."

"Tumbo limejaa. Nimelea tisa kwa uji wa wimbi kwenye kiganja hiki, mwenye njaa namjua. Na wewe vifungo vya gauni umefunga kombo."

Niliinama kuviangalia.

Ni kweli. Kila siku nikisikia hatua za mama mkwe uani, namnyonyesha Momanyi harakaharaka jikoni, halafu namkabidhi mtoto aliyeshiba.

Kazi naitaka. Hata sketi ya kuvaa nimeshashona. Lakini akishanywa chupa, mtu yeyote anaweza kuwa mama yake mpaka saa saba, na mimi nilizoea kuwa mama yake peke yangu. Jambo hilo sijamwambia mtu.

Mama mkwe hakunigombeza. Alifunga vifungo vyangu upya, kimoja kimoja, kama mimi ndiye mtoto. "Kesho nakuja mapema," akasema. "Chukua kikapu uende chini kuchuma majani chai. Usirudi mpaka nikuite."

Nitaenda, na sitamnyonyesha kwanza. Kifua kitauma, najua.

Akilia nitasikia mpaka kule chini. Asipolia pia nitasikia, na sijui lipi nitaweza kulivumilia.