Sahani Iliyorudi Tupu

Kwa Bibi yangu mpenzi, Dunda, Bagamoyo.

Shikamoo Bibi. Assalamu alaikum, wewe na wote waliokaa barazani kumsikiliza Mjomba akikusomea. Mguu wako umepoa? Yule kuku mweupe bado anatagia jikoni? Sisi tu hai, na Baba yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu habari huenda zimekufikia kabla ya barua hii, na najua hulali. Amepigwa risasi ya paja, imetolewa, na daktari wa jeshi anasema atatembea. Sasa Mjomba, nakuomba usubiri watu wa barazani waondoke ndipo uendelee. Yanayofuata ni ya Bibi.

Barua hii haikupita posta. Nimempa mkononi Koplo Mwinyi, mtu wa Fukayosi, ambaye anakuja nyumbani kwa likizo. Kwa hiyo nitaandika yote, isipokuwa jina la mtu mmoja.

Unakumbuka siku ya kuondoka Baba alivyokuambia? "Mama, usilie. Vita vimekwisha. Tunakwenda kulinda amani tu." Na mwanzoni ilikuwa kweli. Mji huu uko pwani ya kaskazini, mbali kupita Lamu, katika nchi waliyonyang'anywa Wataliani. Nyumba zake ni nyeupe, mapaa yake ni bapa, na vichochoro ni vyembamba hata punda wawili hawapishani. Wataliani walipoondoka waliacha bunduki ovyo. Mtu mmoja akazikusanya, akakusanya na vijana, akakalia visima. Watu humwita Mwenye Visima, ingawa hakuchimba hata kimoja. Asiyemtii hapati maji. Kazi ya askari wetu ilikuwa kusimama visimani ili kila mtu achote. Bunduki zilikuwa begani, hazina risasi ndani. Baba alikuwa akirudi jioni viatu vimelowa, anacheka: "Sajini mzima, nimekuwa mchota maji wa Serikali!"

Nyumba za kambini hazikutosha, basi wenye watoto tulipewa nyumba za mjini, karibu na lango la kambi. Mlango wetu wa nyuma unatazamana na wa mama mmoja, mke wa mfumaji nguo. Jina lake silitaji. Sisi humwita Bi Jirani. Watu wa mitaa ya zamani husema lugha inayokaribiana na yetu, basi Mama akapata wa kuzungumza naye. Wiki ya kwanza tu Mama alimpelekea vitumbua. Sahani ikarudi na tende. Bibi, wana desturi ile ile ya Dunda: chombo cha jirani hukirudishi hivi hivi, lazima utie chochote. Sahani yetu, ile yenye ua la buluu uliyotupa wewe, ikawa haipumziki. Na utani nao haukwisha.

"Nyie watu wa Mrima," Bi Jirani alikuwa akisema, "nazi kwenye wali, nazi kwenye maharage, nazi kwenye uji. Iko siku mtaitia kwenye chai!"

"Afadhali nazi yetu," Mama humjibu, "haijampiga mtu teke kama huyo ngamia wenu."

Halafu siku moja askari wawili walipigwa risasi kisimani, mikononi wameshika ndoo za akina mama. Kesho yake ikaja amri kwamba Mwenye Visima akamatwe, na mji usakwe nyumba kwa nyumba. Tangu siku hiyo sikusikia tena mtu kambini akisema neno amani. Vijana wake walipiga risasi kutoka juu ya mapaa, kisha wakashuka uani na kukaa kwenye vitanda vya kufumia nguo kama wafumaji. Askari wakawa wanavunja milango kwa mateke. Watu waliokuwa wakimwamkia Baba kwa jina sasa walitema mate akipita. Alimwambia Mama, "Nikipiga hodi napigwa risasi. Nisipopiga hodi nakuta wazee wanakula. Nifanye nini?"

Jumatano Mama alimpelekea Bi Jirani wali, kwa woga kidogo, maana siku zile milango ilikuwa haifunguliwi hovyo. Alhamisi saa moja asubuhi Baba alikuwa chumbani anafunga viatu, Mama yuko uani. Nikasikia mlango wa nyuma unagongwa polepole. Alikuwa Bi Jirani, ameshika sahani yetu, ameifunika kifudifudi. Akaniambia, "Mpe mama yako mkononi." Akanitazama kwa muda, akavuka upesi, akafunga mlango wake.

Nikaigeuza sahani. Ilikuwa tupu.

Bibi, nakuapia sikuwa na nia mbaya. Nilidhani kwao wameishiwa, hawana hata tende moja, na ameona haya. Mwalimu wetu wa kambini ametufundisha tusimwaibishe mtu kwa shida yake. Nikafikiri Mama akiiona atahuzunika. Basi nikaiosha, nikaipanga rafuni pamoja na nyingine, nikajiona nimefanya wema. Baba akanipita, akanigusa kichwa, akatoka na askari saba kwenda mtaa wa wafumaji.

Mama aliingia jikoni kama saa nne. Akaiona.

"Sahani hii imerudi lini?"

"Asubuhi, Mama."

"Imerudi na nini?"

"Tupu."

Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi bila kutazama anakaa wapi. "Zuhura, mwanamke yule wiki iliyopita hakuwa na kitu, akanitilia chumvi. Alisemaje?"

Nikamwambia, na alivyoileta kifudifudi. Hapo hapo tukasikia bunduki ya kwanza upande wa wafumaji, kisha nyingi kwa pamoja. Mama akaruka, hakuvaa hata viatu. Akaniambia niingie chini ya kitanda, akatoka mbio kuelekea lango la kambi.

Koplo Mwinyi ndiye aliyekuwa zamu langoni, naye alinisimulia baadaye. Alimpigia Mama kelele: "Mama Zuhura, rudi ndani! Huoni kunavyowaka?"

"Wamewategea! Wamejua wanakopita!"

"Nani kasema?"

"Sahani yangu imerudi tupu."

Askari mwingine akacheka. Koplo Mwinyi hakucheka, maana ni mtu wa kwetu. Akauliza, "Tupu kabisa?"

"Na kifudifudi."

Akakimbia kwa bwana kapteni. Aliniambia, "Ningemtajia sahani angenitia ndani. Nikasema habari imetoka kwa mtu wa kuaminika." Malori mawili yakatoka.

Mimi nilikuwa chini ya kitanda nasoma Yasini, nikikosea aya ambazo nazijua tangu ulipokuwa unanisikiliza nikitoka chuoni. Bombomu, ile bunduki kubwa ya mfululizo, lilipolia vumbi la dari likanimwagikia. Mtu alipita mbio juu ya paa letu, maganda ya risasi yakaanguka uani, karibu na mtungi. Adhuhuri ikapita bila adhana. Sijawahi kuishi siku isiyo na adhana.

Malori yalirudi alasiri. Baba alikuwa katika la kwanza, mguu umefungwa kwa shati la mtu. La pili lilimleta Hassani, amefunikwa blanketi. Hassani wa Ubena, Bibi, yule aliyekuwa akinichongea penseli kwa kisu chake. Walizingirwa kichochoroni, risasi zikitoka juu pande zote mbili. Wanasema malori yalipofika Hassani alikuwa amekufa kitambo.

Nimehesabu mara nyingi. Kutoka saa moja mpaka saa nne ni saa tatu. Na Baba alikuwa bado anafunga viatu.

Jumapili nilikwenda kumwona hospitalini, nikamwambia yote, kwa sababu ningebaki nayo ningeugua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Uliiosha?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi umeiosha bure, ilikuwa safi." Akacheka, akashika paja kwa maumivu. "Hassani akisikia hili atakutania mwaka mzima."

Kisha akakumbuka kwamba Hassani hayupo tena. Aliushika mkono wangu, hakuuacha mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha.

Bibi, mama yake Hassani atapata karatasi ya Serikali. Itasema mwanawe amekufa akilinda amani. Sijui nami nimwandikie ninayoyajua, au nitamwongezea kidonda. Baba amesema nikuulize wewe. Utakalosema nitalifanya.

Bwana kapteni amemwita Mama mara mbili amtajie huyo mtu wa kuaminika. Mama anasema hajui Kiswahili cha kapteni. Mwenye Visima bado hajakamatwa, na mlango wa Bi Jirani ulikuwa umefungwa tangu siku ile. Tulikuwa hatujui kama yumo.

Jana Mama alipika vitumbua kwa unga uliobaki. Akavipanga kwenye sahani ya ua la buluu, akasimama nayo mlangoni. Nikamwambia, "Nipe mimi." Alinitazama sana, akanipa. Nilivuka nikapiga hodi mara tatu, huku mbali risasi zinasikika moja moja. Mlango ukafunguliwa kiasi cha kupita sahani tu. Mkono wenye hina ukaipokea.

"Baba yako?" akanong'ona.

"Yu hai."

"Alhamdulillahi." Mlango ukafungwa.

Nisalimie Mjomba msomaji wetu, shangazi anayesuka makuti, na binamu yangu mdogo, mwambie namletea penseli. Baba anakuamkia shikamoo, na Mama vilevile anakuombea afya. Wamsomee Hassani hitima hapo nyumbani, hata kama kwao ni mbali.

Sahani haijarudi bado. Kila mlango wa ng'ambo ukilia, nainuka.

Mjukuu wako akutiiye,
Zuhura