Bwana Nipo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na pokea shikamoo nyingine ya akiba, maana najua ya kwanza utaipokea huku umenuna kwa jinsi nilivyochelewa kukujibu. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanajua amelalia ubavu gani? Huku kwetu hatujambo. Mke wangu anakusalimu, na anasema kitambi changu kimepungua, ingawa alisema hivyo akiwa hajavaa miwani.

Swali lako nimelipata, na nitalijibu, ila nivumilie nilifikie kwa miguu yangu hii mifupi. Binti yako kitindamimba amechaguliwa chuoni, na fundi friji wa mtaani kwetu naye yuko tayari kumpokea karakanani. Shemeji anataka shahada, mtoto anataka bisibisi, wewe unavutwa mikono yote miwili. Ukaandika kwamba neno langu ndilo litakaloamua, kwa kuwa katika ukoo mzima ni mimi niliyesoma kichwa kikiwa na mvi. Ukaniagiza, maadamu anakaa kwangu, nimpeleke karakanani tu, chuoni asikanyage mpaka nikujibu. Hilo agizo nitalirudia huko mbele.

Unakumbuka nilivyoingia chuo. Baada ya miaka yote ile ya kugawa glavu na dripu katika stoo ya hospitali, nikaambiwa mkuu wa stoo anakaribia kustaafu, na kiti chake hakikaliwi na mtu asiye na shahada. Nikajiandikisha masomo ya ununuzi na ugavi, yale ya Jumamosi. Vijana wakaniita Babu, wakanichagua kiongozi wa darasa, nadhani kwa sababu nilikuwa peke yangu mwenye kalamu ya ziada. Sitasema uongo, nilifurahi. Siku niliyoelewa kwa nini dawa zilikuwa zikituharibikia stoo kila msimu wa mvua, nilitamani kumkumbatia mhadhiri.

Mhadhiri huyo alikuwa na desturi ya kuita majina kila kipindi bila kuinua macho mezani. Asiyehudhuria vya kutosha hafanyi mtihani. Basi vijana wakawa wanaitikiana: mmoja yuko kibaruani, mwenzake anabana pua na kumsemea, "Nipo." Jina la mwisho kabisa lilikuwa la mtu nisiyemjua. Siku moja lilipoitwa pakawa kimya, nikamwonea huruma, nikamwitikia mimi, kwa sauti nyembamba kama ya mbuzi mwenye mafua. Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo tukampa jina la Bwana Nipo.

Ikawa kama zamu ambayo hakuna aliyeipanga. Jumamosi hii mimi, ijayo muuguzi wa wodi ya watoto aliyekuwa akikaa mbele yangu, nyingine mtu mwingine. Mpaka siku moja, tukiwa kwenye chai, muuguzi akaniuliza huyu rafiki yangu ana kazi gani nzito hivyo hata siku moja haonekani. Nikamwambia si rafiki yangu, nilidhani ni wake. Tukaulizana darasa zima. Kila mmoja alidhani anamsitiri rafiki wa mwenzake, na hakuna aliyewahi kumtia machoni.

Tukakubaliana kwamba kipindi kinachofuata hakuna atakayemwitikia. Jina likaitwa. Tukakaza midomo kama watoto wanaokataa dawa. Kwenye kiti kitupu cha safu ya nyuma ikatoka sauti: "Nipo."

Nyembamba, yenye mafua. Sauti yangu ile ya mbuzi, dada. Mhadhiri akatia alama yake, akaendelea na somo. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Tangu hapo hakuhitaji mtu wa kumsaidia. Kwenye mtihani, karatasi iliyokuwa mbele ya kiti kile ilijigeuza kurasa huku feni imezimwa. Siku ya mahafali jina lake likaitwa, tukasikia mbao za jukwaa zikilia hatua kwa hatua, mgeni rasmi akanyoosha mkono, ukatikiswa, kisha akaufuta kwenye joho lake. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Mikono ina mazoea yake.

Na kile kiti cha mkuu wa stoo? Bwana Nipo naye alikuwa ameomba, akapewa yeye. Bosi alinieleza kwa upole kabisa kwamba alama zetu zilikaribiana, ila mahudhurio ya mwenzangu yalikuwa kamili na yangu yalikuwa na pengo, zile siku tulizokuwa msibani kwa baba. Sasa kila asubuhi chai inaingizwa ofisini kwake, na kikombe kinatoka kitupu. Maombi ya glavu yanapitishwa chini ya mlango, yanarudi na saini. Wenzangu wanamsifu kwamba hana makuu wala maneno mengi. Mimi nagawa dripu kama zamani, na mlango ule naupita upande wa pili wa korido.

Sasa tafuta kiti ukae, maana hapa ndipo utakaponigombeza. Uliniambia chuoni asikanyage, nami nimemkanyagisha.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita. Tulikuwa tunatoka karakanani, mikono yake imejaa grisi, na yeye amejaa furaha kuliko hiyo grisi, kwa kuwa fundi alimwachia friji iliyokufa akaifungua mwenyewe mpaka ikanguruma. Njiani akaniuliza, Mjomba, nitakikataaje kitu ambacho hata sijakiona? Nikaona ana hoja, na cheti changu nacho nilikuwa sijaenda kukichukua. Masomo ya mwaka mpya yalikuwa yameshaanza. Tukajibanza mlangoni mwa ukumbi. Mhadhiri ni yule yule, macho mezani, anaita majina. Akaliita la mwanao. Mwanao alikuwa kando yangu, mdomo umejaa biskuti.

Safu ya nyuma ikaitikia: "Nipo."

Haikuwa ya mbuzi hii. Ilikuwa yake. Ule mkwaruzo wa koo aliourithi kwa mama yetu, ule ule, dada. Nani alimwitikia siku ya kwanza, sijui. Pengine ni msichana fulani mwenye huruma za kijinga kama zangu.

Mwanao akameza biskuti, akatembea mpaka mbele, akamwambia mhadhiri kwamba huyo aliyeitika si yeye. Kwa mara ya kwanza nikamwona mzee yule akiinua macho. Akaitazama ile mikono yenye grisi, akasema jina moja halikalii viti viwili, kwa hiyo mmoja wao atoke. Huko nyuma kiti kikakwaruza sakafu, kama mtu anayetaka kusimama, kisha kikatulia. Kilikuwa kinamsubiri aamue. Kitindamimba wako akakiambia kwa adabu zote, kaa tu mwenzangu, mimi nina kazi. Akatoka. Nami nikamkimbilia, na unajua mimi na mbio.

Basi jibu langu ni hili. Shahada si kitu kibaya, na niliyojifunza siwezi kuyatupa. Siku akiitaka, aende kwa miguu yake na aitike kwa kinywa chake. Kwa sasa aache, abaki na fundi, maana jambo la kutisha ni kwamba shahada yenyewe itakuja tu. Jana chuo kilinipigia simu kunipongeza kwamba mpwa wangu hajakosa kipindi hata kimoja. Wakati huo nilikuwa karakanani, namwangalia amelala chali chini ya friji, anaimba.

Miaka hupita upesi. Siku moja mtasikia hodi, na huko nje sauti ya mwanenu ikiwaambia amehitimu, mfungulieni. Shemeji atataka kukimbia kufungua, kwa jinsi alivyoingoja siku hiyo. Mshike shati, dada. Mwiteni kwanza binti yenu kwa jina, na kitasa msikiguse mpaka awaitikie akiwa upande wenu wa mlango.

Mpe shemeji salamu zangu, na umsomee barua hii polepole. Watoto wote wabusu kwa niaba yangu. Goti ulikande kwa maji ya moto, usijifanye kijana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Bonge